Ndege wa Ringwani Hawaimbi Kama wa Robanda

Barua ya ajira ilinipeleka kata ya Ringwani, wilaya ya Serengeti, kufundisha hisabati. Nilitoka Njombe, kwenye baridi na viazi, na mwaka wa kwanza kila likizo ilipokaribia niliandika barua ya kuomba uhamisho. Sikuwa na ndugu huko, Kingoreme, lugha ya wenyeji, sikukijua, na wanafunzi wakitaka kunisengenya walinisengenya mbele yangu hapohapo.

Kilichonishikilia ni kwaya. Kanisani hawakuwa na mwalimu wa kwaya, nami nimelelewa na baba aliyefundisha nyimbo kwa do-re-mi alizoandika ubaoni kwa chaki. Sikio nimelirithi kwake. Watu arobaini wakiimba na mmoja wao akashuka nusu sauti, najua ni nani.

Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane. Alikuwa Mwikoma, mzaliwa wa Robanda, kijiji kinachopakana na hifadhi, akaolewa huku kwa Wangoreme akiwa bado msichana. Maneno yake yalikuwa machache na kazi zake nyingi. Kuni alikuwa akizikusanya kwenye uwanda wa miiba nyuma ya kijiji, mahali penye udongo mweusi unaovua watu viatu wakati wa masika. Miti yake ni mifupi, ina vinundu vyeusi ambamo sisimizi wanaishi, na upepo ukipita kwenye matundu ya vinundu hivyo mti mzima unapiga mluzi. Watu waliuhesabu uwanda ule kuwa pori lisilo na faida. Serikali ya kijiji ilishaanza kuandika majina ya watakaogawiwa mashamba humo, na jina la mama mwenye nyumba wangu lilikuwa kati ya yale ya mwanzo.

Ndipo akaja mtafiti. Alikuwa dada wa umri wangu, anasomea ndege chuo kikuu, ana darubini shingoni na kinasa sauti chenye kipaza kirefu kama mchi. Mkuu wa shule alinipa kazi ya kumtembeza kwa kuwa ilikuwa likizo na mimi sikuwa nimesafiri. Alikuwa akimtafuta ndege mmoja tu: mdogo, wa kijivu, mwenye doa jeupe kwenye bawa, anayeishi katika miiba ya aina ile na si kwingine. Alinieleza kwamba ndege huyo amebaki sehemu chache sana duniani. Siku ya pili tulimwona. Walikuwa wawili, dume na jike, wanarukaruka kwenye mti usiofika kifuani mwangu.

Nilidhani tumeshinda, kwamba uwanda sasa hautalimwa. Jioni nilimuuliza sasa kitafanyika nini, akanijibu kwa unyonge kwamba pengine hakitafanyika kitu. Ndege kama hao wapo ndani ya hifadhi na kando yake, upande wa Robanda, na huko wanalindwa. Wataalamu wakiambiwa wachague pa kuweka nguvu zao, hawatachagua kiuwanda kidogo kinachosubiri kulimwa, maana wa hapa wakiisha, wa kule wapo.

Mama mwenye nyumba alikuwa akichambua maharage, akatusikia.

"Hao si wamoja," alisema. "Wa kwetu Robanda hawaimbi hivi."

Mtafiti aliandika maneno hayo kwenye daftari lake kwa heshima, lakini niliona kwamba ameyaandika tu. Alinieleza baadaye kwamba kumbukumbu ya mtu aliyeondoka kwao zamani haiwezi kuwa ushahidi. Mimi nilibaki nayo. Huyu mama sijawahi kumsikia akisema jambo asilolijua.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda uwandani peke yangu na kalamu. Niliketi kwenye unyevu mpaka suruali ikaloa, nikaandika wimbo wa ndege yule kama ninavyoandikia kwaya. So-so-mi, so-so-mi. Alishusha mwisho, kama mtu anayemalizia sala. Jumamosi nikapanda bodaboda hadi Robanda, safari ya kumeza vumbi, na kesho yake kabla jua halijachomoza nilikuwa kwenye miiba ya huko. Wakulima wawili waliokuwa wakitoka kulinda mtama wao dhidi ya tembo walinikuta nimeinamisha kichwa kichakani, wakataka kujua nimepoteza nini. Niliwaeleza. Mmoja alinihurumia, akanipeleka kwenye kichaka ambacho ndege wale hawakosekani.

Dume aliimba. So-mi-so. Alipandisha mwisho kama anayeuliza swali. Niliandika, nikafuta, nikaandika tena, kwa sababu sikuamini mkono wangu. Nikamsikiliza wa pili, na wa tatu mbali kidogo. Wote walipandisha. Nilicheka peke yangu, na yule mkulima akacheka pia bila kujua sababu.

Mtafiti aliisoma karatasi yangu mara mbili. Kisha akachukua kinasa sauti chake, tukarudi sehemu zote mbili na kurekodi vizuri, maana simu yangu niliyojaribu kurekodia ilikuwa imenasa upepo mtupu. Kwenye kompyuta yake sauti zilichorwa kama vilima vidogo, na hata mtoto angeona kwamba vilima vya Ringwani vinateremka na vya Robanda vinapanda. Lakini alinionya nisifurahi mapema. Tofauti tunayoisikia sisi si kitu kama ndege wenyewe hawaijali. Ilibidi tuwaulize wao.

Tuliwauliza kwa spika ndogo tuliyoifunga kwenye mti. Ndege dume akisikia mwenzake anaimba ndani ya eneo lake, huja kumfukuza. Kama wa Ringwani wangeufukuza wimbo wa Robanda, basi kwao ni ndugu. Siku ya kwanza tulipiga nyimbo zote mbili, ule wa hapa na ule wa kule, na hakuna ndege aliyetikisika. Tulifungua spika tukaondoka. Usiku ule niliona nimempotezea mgeni likizo yake. Asubuhi mama alitutengea uji, akauliza tulikwenda saa ngapi. Tulipomwambia saa saba mchana, alisema kwa upole kwamba saa saba hata yeye haimbi.

Tukaenda alfajiri. Mtafiti aliupiga kwanza wimbo wa Robanda. Dume alikuwa kwenye tawi mbele yetu, akainua bawa, akajikuna, akaendelea kutafuta wadudu. Tukasubiri muda wa kutosha. Kisha akaupiga wimbo wa jirani yake wa Ringwani. Ndege alikuja kama aliyerushwa kwa manati, akatua juu ya spika na kuidonoa. Mtafiti alinishika mkono akaubana mpaka ukauma.

Tulirudia kwa siku nyingi, kwa ndege mbalimbali, tukiwapumzisha ili tusiwachoshe, na tukiwakwepa wenye viota. Kisha tukafanya vilevile Robanda, na wa kule ndio waliojikuna kwa wimbo wetu na kuja mbio kwa wa kwao. Mtafiti alinieleza maana yake taratibu, na mimi nikajifunza kuwaeleza wengine. Wimbo peke yake hautoshi kusema hii ni aina mpya ya ndege. Ila unaonyesha kwamba makundi haya hayachanganyiki. Jike huchagua dume kwa wimbo, na dume asiyejua wimbo wa hapa ni mgeni anayepita. Kwa hiyo wa Ringwani wakiisha, wa Robanda hawatakuja kujaza nafasi zao.

Hayo ndiyo tuliyoyapeleka kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Mwenyekiti alikuwa mkulima mwenye sauti nzito, na hakuficha kwamba anataka uwanda ulimwe. Nilisimama, nikawasalimu wazee shikamoo, nikaziimba nyimbo mbili kwa mdomo wangu. Watu walicheka. Kijana mmoja akasema uwanda ule utalisha familia, wimbo wa ndege utamlisha nani? Mtafiti alieleza kitaalamu, nikaona macho ya watu yanahama.

Mama mwenye nyumba wangu akanyoosha mkono. Mwenyekiti alimkumbusha kwamba jina lake limo kwenye orodha ya mashamba. Akasema analijua hilo.

"Mimi nimezaa hapa, nimezika hapa," alisema. "Lakini nikifungua mdomo sokoni, bado mnasema yule ni Mwikoma. Mnanijua kwa sauti. Hata ndege wanajuana hivyo. Hawa ni wa Ringwani. Tukiwamaliza, hakuna wengine mahali popote wanaosema kama hapa. Shamba nipeni upande wa mawe, nitalima."

Alikaa chini. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja wa Kingoreme aliyekaa mbele alisema maneno mafupi kwa lugha yao, na jirani yangu akanitafsiria: mzee anasema ni aibu mgeni aijali ardhi yetu kuliko sisi wenyewe. Mabishano yaliendelea mpaka jua likaelekea kuzama, lakini nilihisi tayari yamegeuka. Mwishowe walipiga kura ya mikono. Katikati ya uwanda pasilimwe wala pasichomwe mkaa, kuni ziokotwe zilizokauka tu, na mashamba yapimwe pembezoni na upande wa mawe. Mtendaji aliandika, mwenyekiti akasaini huku amekunja uso. Nilitoka nje nikakimbia mpaka nyuma ya jengo, nikarusha ngumi hewani mara tatu kama mtu aliyefunga goli.

Ripoti ya mtafiti ilipokamilika, ndege wetu waliandikwa humo kama kundi la peke yao linalohitaji kulindwa hapohapo lilipo. Alinitumia nakala. Kwenye shukrani aliwashukuru mama mmoja wa Robanda na mwalimu mmoja wa kwaya. Niliisoma kwa sauti uani, na mama aliendelea kupepeta ulezi wake, lakini aliniomba niirudie sehemu ile. Shamba lake la mawe lilimpa ulezi, si mwingi, na sikumsikia akilijutia lile la kwanza. Barua zangu za uhamisho sikuziandika tena.

Msimu wa mvua wa mwaka wa pili tangu mkutano ule, mtafiti alirudi kuhesabu ndege. Tulikwenda naye mimi, mama, na safari hii mwenyekiti mwenyewe aliomba kuja, amevaa gambuti. Tulipita sehemu iliyokatwa miti ya mkaa kabla ya uamuzi, ambako tangu nije sikuwahi kuona hata kiota kimoja. Miiba ilikuwa imechipua kufika kiunoni. Mimi na mtafiti tulikuwa tukibishana kwa sauti kuhusu njia ya kuvukia tope. Mwenyekiti alisimama ghafla, akatuinulia kiganja bila kugeuka.

"Nyamazeni," alisema. "Wamefika mpaka huku."

Juu ya chipukizi mbele yake dume alikuwa anaimba, na kando yake, wakiwa na mikia mifupi bado, makinda wawili walikuwa wakijaribu kumfuatisha na kukosea.