Njia Iliyorefuka Ukutani

Msinicheke kabla sijamaliza. Kazi yangu hapa Mahajanga ni kupima njia za miguu kwenye ramani za Mfaransa mmoja mpimaji: naulaza uzi juu ya kila kona, kisha naunyoosha kwenye rula. Alipokwenda safari aliniachia ramani ya kisiwa cha Nosy Be, kwetu, imepigiliwa misumari ukutani.

Asubuhi moja nikaona njia nisiyoijua, ya rangi ya udongo, ikitoka kwenye ziwa la mwiko, lile ambalo mamba wake husemwa ni mizimu ya wafalme. Nikaipima bila kuigusa, uzi nikiushikilia hewani. Kesho yake uzi ule ule haukufika mwisho. Njia ilikuwa imerefuka, ikijipinda kama kitu kinachonusa, kuelekea Ambatoloaka anakoishi mama. Nikawa nasoma Ayatul Kursi kabla ya kufungua mlango wa ofisi.

Ilipobakia upana wa kidole kufika kijijini, nikampelekea mama ujumbe kwa baharia: ahame upesi.

Jana bwana mpimaji alirudi. Nikamwonyesha ile njia. Aliitazama, akaikwaruza kwa ukucha. Njia ikapukutika sakafuni, na mchwa weupe wakatawanyika juu ya bahari ya ramani.

"Na wewe ndiye ninayekuachia ramani zangu?" akauliza.

Kabla sijajibu, mlango ukafunguliwa. Mama alisimama pale, godoro kichwani, kuku kwapani.

"Mwanangu," akasema huku akihema, "nyumba nimeshaiuza. Haya, nionyeshe hiyo njia."