Vizibo vya Darasa la Tatu

Mwaka wangu wa pili katika shule moja upande wa Mtinko nilipewa darasa la tatu, watoto themanini na kitu ndani ya chumba kimoja. Mwalimu mkuu aliponikabidhi alinionyesha chati ya tebo za kuzidisha iliyobandikwa ukutani, kuanzia ya mbili mpaka ya kumi na mbili, akaniambia anataka watoto wazijue zote kwa kichwa kabla ya mtihani wa kata.

Walikuwa wanazijua. Hilo ndilo lililonidanganya wiki tatu nzima. Kila asubuhi walisimama wakaimba tebo ya tatu na ya nne bila kukosea, sauti ikasikika mpaka kwenye mashamba ya alizeti. Aliyewaongoza alikuwa msichana mmoja mwembamba wa dawati la mbele. Siku moja, kwa kutaka tu kumpa nafasi ya kung'ara, nikamuuliza: kuna nyumba tatu, kila nyumba ina kuku wanne, kuku wote ni wangapi?

Akafikiri, akajibu, "Saba."

Nikamwambia aimbe tatu mara nne. Akaimba vizuri, kumi na mbili. Nikarudi kwenye kuku. Saba. Nikawageukia wote nikauliza hiyo "mara" tunayoiimba kila siku maana yake nini. Wakaitazama chati ukutani. Mwishowe mmoja wa nyuma akanyoosha kidole, akasema kwa adabu kabisa, "Mara ni mkoa, mwalimu."

Nilipowasimulia wenzangu ofisini walicheka mpaka machozi, na mimi nikacheka nao. Kisha nikaenda nyumbani nimekasirika, na hasira yenyewe haikuwa ya watoto. Mimi nilisoma Kiomboi, na tebo ya saba niliipata kwa kupigishwa magoti kwenye changarawe. Mpaka leo mtu akiniuliza ghafla saba mara nane, magoti hutangulia kuuma kabla kichwa hakijajibu. Nilifika chuo cha ualimu nikiwa na tebo zote mdomoni, na sikuwa nimewahi kuona hata moja kwa macho. Nikajiambia hawa wa kwangu wataziona.

Jumamosi nikapita dukani na mgahawani na mfuko wa salfeti, nikiomba vizibo vya soda. Jumatatu nikawatoa watoto kwenye uwanja mgumu nyuma ya darasa. Nikachora maduara matatu kwa kijiti, nikasema hizi ni nyumba, wekeni kuku wanne wanne. Wakaweka vizibo, wakahesabu kimoja kimoja mpaka kumi na mbili. Yule msichana hakuamini, akahesabu tena peke yake. Alipomaliza alinitazama kama mtu aliyefichwa jambo siku nyingi.

"Kwa hiyo ndiyo hii?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo hii.

Baada ya hapo maduara yakawa mazizi na vizibo vikawa mbuzi, na watoto wakagombana kwa Kinyaturu nani amepoteza mbuzi wa nani. Tukaacha maduara, tukapanga safu: safu nne, kila safu vizibo vitatu. Mtoto mmoja aliyekuwa amechuchumaa pembeni akaniita nikatazame alipo yeye. Kutoka kwake zilikuwa safu tatu zenye vinne vinne. Wote wakakimbilia upande ule, wakarudi huku, wakaenda tena. Siku hiyo waligundua wenyewe kwamba nusu ya ile chati ya ukutani ni marudio.

Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa karibu kustaafu, na alifika shuleni kabla ya sisi wote. Lakini aliona darasa la tatu limekaa vumbini wakati mkondo wa pili, darasa la tatu la chumba cha jirani, umefika tebo ya tisa, akaniita ofisini. Nilimwamkia shikamoo, nikasimama mpaka aliponiambia nikae. Akasema darasa la tatu si chekechea, vizibo viondoke.

"Siviondoi, Mkuu," nikasema.

Akaniambia amefundisha kwa kuimba maisha yake yote, na wanafunzi wake wengine leo ni madaktari. Nikamjibu kwamba wapo pia waliobaki nyuma ya darasa, na hao hatuwataji. Hakupenda. Nikaaga, nikarudi kwenye vizibo.

Wiki hiyohiyo mfuko ukatoweka kabatini. Niliukuta kwenye shimo la taka, vizibo vimeungua pamoja na karatasi. Sikuuliza nani. Niliwaambia watoto kesho kila mmoja aje na vitu ishirini na vinne visivyooza wala kuuma. Wakaja na kokoto, mbegu za maboga, alizeti, vipande vya vigae, na mmoja akaja na mavi ya mbuzi yaliyokauka vizuri. Sasa kila mtoto alikuwa na vyake mfukoni, na hapakuwa na kabati la kufungua.

Kwenye kikao cha wazazi baba mmoja, mkulima wa vitunguu, alisimama kulalamika. Alisema mtoto alimleta shule asome, mawe yapo nyumbani. Watu wakacheka. Nikamuuliza kwa heshima anajuaje jaruba moja limeingia miche mingapi. Akasema anatazama mistari, na kila mstari una miche mingapi. Nikamwambia basi ndicho ninachofundisha.

"Shambani ni shambani, mwalimu," akanijibu. "Hapa ni shule."

Wakampigia makofi yeye. Nikakaa.

Mtihani wa kata ulipokuja hatukuongoza. Watoto wangu wengi hawakumaliza, kwa sababu walikuwa wakichora vidoti pembeni mwa karatasi. Lakini yale maswali ya maneno, ya vikapu na mayai, ambayo mkondo wa pili waliyaruka, wangu waliyafanya na wakapata. Mwalimu mkuu alisoma jumla tu mbele ya walimu wote. Kesho yake nikapewa barua ya kujieleza.

Nilijibu kwa mistari miwili. Niliandika kwamba ni kweli nimekuwa nikifundisha kuzidisha kwa mafungu ya kokoto na mbegu, na kwamba nitaendelea.

Akaisoma, akavua miwani. "Unajua hii inaingia kwenye faili lako?"

"Najua, Mkuu. Ndiyo maana nimeiandika kwa mwandiko mzuri."

Baadaye afisa elimu kata alikuja, akakaa kipindi kizima kwenye dawati la nyuma. Hakunisifu wala hakuniadhibu. Alisema nihakikishe mada zinakamilika, akapanda pikipiki yake akaondoka. Barua imo kwenye faili mpaka leo.

Sasa nimehamia shule nyingine, upande wa Mandewa, na bado nafundisha darasa la tatu. Huku darasa lina sakafu ya saruji, kwa hiyo mafungu nayachora kwa chaki. Juzi mwalimu mkuu wa hapa alisimama mlangoni, akauliza kwa nini kila siku sakafu ya darasa langu inachafuliwa. Nikamwamkia, nikamvutia kiti, nikampa kokoto kumi na mbili azipange mwenyewe.