Masomo kwa Jina la Kukodi

Kazini kwangu kule Durban niliitwa kwa jina la mwanamke mwingine. Mwenye jina nilikaa naye chumba kimoja mtaa wa Point, Mkongo wa Uvira, msusi wa nywele, mwenye karatasi ya ukimbizi iliyomruhusu kufanya kazi. Mimi Mtanzania nisiye na vita vya kukimbia ningempa nani hadithi gani? Kila mwisho wa mwezi nilimkatia kitu kwenye mshahara wangu, naye akaniachia jina. Picha kwenye karatasi ilikuwa imefifia, ungeweza kusema ni ya mwanamke yeyote mweusi mwenye masikio. Sioni aibu kulisema. Miaka ile ya tisini mwishoni, wengi niliowajua walikuwa wamevaa majina ya watu.

Ofisi yetu ilikuwa ya kutoa mizigo bandarini. Siku moja wakati wa chai meneja wetu, mama mwenye manukato makali, alitutangazia kwamba kampuni itasomesha wafanyakazi. Nilidhani wao ndio watakaolipa chuo. Wapi! Ada unalipa mwenyewe kwanza. Kozi lazima ihusu kazi yako, na yeye aikubali kabla hujaanza. Ukifaulu, unaleta risiti na cheti, unarudishiwa pesa yako pamoja na mshahara. Ukifeli, shauri yako. Na ukiacha kazi kabla ya mwaka kwisha tangu urudishiwe, wanaikata yote kwenye malipo yako ya mwisho. Hata hivyo nilimpenda yule mama siku ile.

Nilikuwa na sababu. Kaka yangu wa Tanga alifanya kazi ya forodha, na alishaniambia kwenye simu, bila kupepesa: rudi na cheti cha forodha, nafasi utapata. Bila cheti usije kunisumbua.

Kikwazo kilikuwa kimoja. Risiti na cheti lazima viwe na jina la mfanyakazi, na mfanyakazi waliyemjua wao hakuwa mimi. Nikamweleza mwenzangu wa chumbani. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Soma tu, dada. Diplome itakuwa na jina yangu, lakini akili iko yako. Ukimaliza ile mwaka yao, tutaenda wote ku chuo, niwaambie ni wewe ulisomaka. Watabadilisha."

"Kweli utasema?"

"Mi niko mutoto? Nitasema."

Nikamwamini. Leo ningekutana na yule msichana aliyeamini, ningemzaba kofi.

Chuo cha forodha kilikuwa Berea, juu kilimani. Kila Jumamosi nilipanda kile kilima kwa miguu ili nauli ya taxi iende kwenye ada, na mchana nilikula mkate mkavu. Nikipita saluni kwa mwenzangu, alinionyesha kwa wateja wake. "Mumuangalie! Mi nasuka, Mutanzania ananisomea!" Wateja wakaangua kicheko wakiwa wameinamisha vichwa. Na mimi nikacheka nao, mjinga mimi.

Nilifaulu, tena kwa alama za juu. Meneja alilisoma jina lile mbele ya watu wote, wakanipigia makofi. Pesa ikarudi, nikaituma nyumbani kwa mama siku hiyohiyo. Cheti nikakiweka chini ya godoro, nikaanza kungoja mwaka wao uishe.

Ulikuwa haujafika hata nusu. Narudi kutoka kazini, namkuta mwenzangu amevaa suti, anafunga sanduku.

"Nimepata kazi Johannesburg, ku kampuni ya mizigo. Walikuwa wanatafuta mutu wa Kifaransa mwenye diplome."

"Diplome gani?"

"Iko na jina ya nani?"

Nikainua godoro. Hapakuwa na kitu. Nikamwambia, "Ulisema tutaenda chuoni!"

"Nilisema. Sasa nimeona kazi." Akavuta zipu. "Jina nilikukopeshaka tu, sikukuuzisha. Na kesho uache ile kazi yako. Jina moja haiwezi kutumika fasi mbili, watanifukuza."

Nililirukia sanduku. Alinisukuma nikaangukia meza, sufuria zikamwagika, nikainuka nikalishika tena. Hakupandisha hata sauti. Aliniuliza tu: tukiita polisi sasa hivi, mwenye karatasi ni nani? Nikaliachia. Akajitengeneza nywele kwenye kioo changu, akaniambia kodi ya mwezi ule nilipe mwenyewe, akaondoka.

Nilimchukia, na bado namchukia. Kesho yake nikaenda kwa meneja kumwambia naacha kazi. Hakushangaa.

"Najua," alisema. "Watu wa Johannesburg walinipigia wiki iliyopita kuuliza habari zako. Nikawaambia huyu ni hodari, mwaminifu, forodha anaijua vizuri, nimemsomesha mimi."

Akasukuma bahasha mezani. Ilikuwa nyepesi.

"Ada tumeikata, utaratibu unaujua. Ninyi mkishasomeshwa mnakimbia." Kisha akasimama, akanyoosha mkono. "Lakini hongera kwa kazi mpya. Unaistahili."

Nikaupokea ule mkono. Nikasema, "Asante, madam."