Siku Niliyoishinda Kanuni ya Wazungu

Mimi ni karani wa mpima ramani mgodini Geita. Juzi bwana mkubwa, Mwingereza anayependa hesabu, alinipa kazi ya kumchorea mstari unaopanda na kushuka. Kila unapokata mstari wa katikati, hapo pana sifuri. Kanuni yake ilisema zitakuwa kumi na saba. Mimi nikauchora kwenye karatasi mbili, nikahesabu sifuri za kila moja, nikapata kumi na nane!

Nikatembea kifua mbele. Nikachinja mbuzi, jambo ambalo sikulifanya hata pacha wetu, Kulwa na Doto, walipozaliwa.

Wageni wakiwa wanatafuna, mke wangu akazitazama karatasi zangu mbili. Akalaza mwanzo wa ya pili juu ya mwisho wa ya kwanza, michoro ikalingana sawasawa, sifuri ya mwisho ya ile ikaangukia sifuri ya kwanza ya hii.

“Baba Kulwa,” akasema, wote wakisikia, “hapa hakuna Kulwa na Doto. Ni Kulwa peke yake, umemhesabu mara mbili.”