Mwalimu Aliyekalia Nguo Zetu

Wewe uliyekulia Riruta wakati mmoja nami, hebu kumbuka machimbo yalivyonukia baada ya mvua ndefu. Wachimba mawe walikuwa wamehama wakaacha shimo, mvua ikalijaza, na sisi watoto tukaliona kama zawadi. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Juu yalipata jua, lakini ukishusha mguu kidogo ulikuta baridi ya kuuma mifupa, na chini kabisa hakuna aliyejua kulikuwa na nini. Likizo zetu, mwanzoni mwa miaka ya sabini, zilikuwa hivyo: asubuhi kuteka maji na kulisha ng'ombe, mchana kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, na kuiba matunda ya lukwati uani kwa jirani, halafu, jua likiwa kali, mtu mmoja anamtazama mwingine na hakuna haja ya kusema. Mbio hadi machimboni.

Mama zetu walikataza, na walikuwa na sababu. "Ukifa maji, Wairimu, utanitambua," mama alikuwa akiniambia, wala hakuona lolote la ajabu katika sentensi hiyo.

Lakini mama wa enzi zile hakuja machimboni kupiga kelele. Alikuja kimya. Aliokota nguo zako kando ya maji, akazikunja vizuri, akaenda nazo nyumbani. Basi. Wewe ungetoka majini ukakuta mawe matupu, na safari ya kurudi ilipita mbele ya maduka, mbele ya kanisa, mbele ya vijana wa kinyozi. Jani la mgomba mbele, jani lingine nyuma. Watoto wa leo huona aibu wakipigwa picha mbaya. Hawajajaribu kuvuka barabara ya Naivasha wakiwa wamevaa majani.

Bingwa wa kazi hiyo alikuwa Mama Okoth, aliyeuza mboga kwenye kona. Mwanamke mkubwa wa mwili, mwepesi wa miguu. Yeye hakuchukua nguo za mwanawe peke yake. Alizoa za wote, akapita nyumba kwa nyumba akizigawa, na kila nyumba akaacha ripoti.

Ndiyo maana watoto wote wa Riruta waliogelea kama bata, shingo ndefu, kichwa nje, jicho moja kwenye nguo. Hatukujua kwamba kuna namna nyingine.

Okoth mwenyewe, ambaye ukoo wake ulitoka kando ya ziwa, alikuwa mwoga wa maji kuliko sisi sote, na tulimtania bila huruma. "Wewe si mtu wa ziwa? Hebu tuonyeshe!"

"Ziwa nimeliona kwa ramani, kama wewe," alijibu. Alikuwa amezaliwa Pumwani, hapahapa mjini.

Kisha mwaka mmoja Njeri, aliyekaa dawati moja nami, aliteleza upande wenye kina. Mtu aliyekuwa akipita na punda wake alimtoa akiwa ameshaanza kubadilika rangi. Njeri alipona, lakini mtaa mzima ulitikisika, na shuleni tukangoja kiboko.

Kiboko hakikuja. Mwalimu Nafula ndiye aliyekuja. Alikuwa amehamia shuleni kwetu kutoka upande wa Bungoma, mrefu, mwenye sauti ya kuita mara moja tu. Alikuwa amejifunza kuogelea chuoni. Aliposikia habari ya Njeri hakutoa mawaidha. Alivaa viatu vyake vizuri, akaenda klabu moja yenye bwawa la kuogelea, njiani kuelekea mjini, akamwomba meneja maji. Akapewa muda wa saa moja kila Jumamosi asubuhi, kabla wanachama hawajamaliza kifungua kinywa. Kisha akazunguka kwa mama zetu, mmoja mmoja, kuomba ruhusa. Mama yangu alikubali kwa sharti moja: machimboni tusionekane tena.

Kwanza hatukuyaona maji hayo. Tulianza kwa kulalia madawati, tumbo chini, tukizungusha mikono hewani. Halafu kila mmoja alileta karai kutoka nyumbani. Uso ndani, puliza mapovu, geuza kichwa pembeni, vuta pumzi, rudi ndani. Mwalimu mkuu alipita siku moja, akakuta watoto kumi na kitu wamepiga magoti mbele ya makarai, akauliza kama maji ya kunawa nyumbani yameisha.

Siku tuliyofika klabu tulisimama ukingoni tumeduwaa. Tulikuwa hatujawahi kuona maji unayoweza kuona chini yake. Okoth alinyanyua mkono. "Mwalimu, bado hawajajaza?"

Tukaingia. Yote tuliyojifunza kwenye makarai yakapotea papo hapo. Vichwa juu, shingo ndefu, bata kumi na kitu. Mwalimu Nafula alipiga firimbi, akaeleza, akaingia majini akatushika vichwa kwa mkono wake. Akiachilia tu, vinachomoka. Alijaribu Jumamosi kadhaa. Ni mtu aliyefanya kazi kwa utaratibu, na ilipofika mahali pa kukasirika hakukasirika. Alitoka, akasimama ukingoni, akatutazama tu tukienda na kurudi.

"Tokeni," alisema mwishoni. "Mkienda mnatazama kushoto. Mkirudi mnatazama kulia. Kuna nini pale?"

Mugo, kaka yake Njeri, ndiye aliyejikakamua. "Nguo, Mwalimu."

"Zinaenda wapi?"

Tukamweleza habari za Mama Okoth na majani ya mgomba. Alicheka mpaka akashika nguzo. Kisha akakusanya kaptula, magauni na sweta zetu zote, akazirundika kwenye kiti cha mbao, akazikalia. Alijiweka barabara, gauni lake la mikunjo likafunika kila kitu.

"Haya. Nani atazichukua sasa? Aje."

Siku ile vichwa viliingia majini. Mwenyewe nakumbuka kimya kilichonipokea, mistari myeusi ikipita chini yangu, na mwili ghafla kuwa mwepesi. Baadaye sana nilijisomea kwenye kitabu kikuukuu kwamba kichwa kikiinuka miguu huzama, na mwili mzima hugeuka breki. Mwalimu Nafula hakutueleza hayo. Alikaa tu. Kila Jumamosi alifundisha akiwa juu ya rundo la nguo, akipiga makofi, akiita majina, na sisi tukaanza kuwa waogeleaji. Mama zetu walipoisikia habari hiyo waliirudia sokoni kwa kicheko, na Mama Okoth alicheka kuwazidi wote.

Ndipo shule moja ya upande wa Kinoo nayo ikaomba saa ileile. Meneja hakuwa mtu mbaya. "Mwalimu, nina saa moja tu ya kugawa," alimwambia. Klabu ilikuwa na gala yake ya mwaka, yaani mashindano ya kuogelea. Alizialika shule zote mbili katika mbio za kupokezana, pamoja na shule kubwa nne zilizokuwa na mabwawa yao wenyewe. Kati yetu na Kinoo, atakayemtangulia mwenzake atapata saa hiyo. Tulielewa vizuri: tukishindwa, likizo ijayo ni machimbo tena, sharti la mama au la. Tulijijua.

Mpangilio ulikuwa Mugo, Njeri, mimi, halafu Okoth. Tulipinga. Okoth amalize? Mwalimu Nafula alisema Okoth ndiye mwenye mkono mrefu kuliko wote, na amri ni yake.

Siku ya gala kulikuwa na bendera, kofia za akina mama wakubwa, soda kwenye barafu. Mimi nilivaa vazi alilonishonea mama kutokana na sare ya zamani. Likilowa lilikuwa zito kama gunia la viazi, na nililipenda. Makocha waliamriwa wasimame upande wa kuanzia. Kwa hiyo nguo zetu zikabaki ng'ambo kwenye benchi, bunda moja, bila mtu.

Firimbi! Mugo aliruka kama chura, akarudi akiwa sambamba na kijana wa Kinoo. Shule kubwa zilikuwa zimeshakwenda zao, hatukuzitazama hata. Njeri, yule yule aliyetolewa majini kama maiti, aliingiza kichwa na kupata hatua mbele. Nami nikaruka. Sikumbuki chochote isipokuwa kelele iliyokuwa ikija na kupotea kila nilipogeuza uso kuvuta pumzi. Nilipogusa ukuta tulikuwa mbele kwa urefu wa mtu, na Okoth akapita juu yangu hewani.

Hapo ndipo Mama Okoth alipofika. Alikuwa amefunga biashara, akaja moja kwa moja na kikapu chake, jasho likimtoka, akatafuta pa kukaa. Benchi pekee lililokuwa wazi lilikuwa na bunda la nguo. Akainama, akalinyanyua alisogeze.

Okoth akaona.

Kichwa kilichomoka majini kama kifuniko cha sufuria. Shingo ndefu. Miguu ikazama. Mikono mirefu ile ikaanza kuchota maji badala ya kuyakata, na kijana wa Kinoo akamfikia, akampita. "Okoth! Okoth!" tulilia. Mwalimu Nafula alishika kichwa kwa mikono miwili. Nadhani Mama Okoth alielewa wakati uleule. Alitazama bunda mikononi mwake, akatazama mwanawe, akalitupa kwenye benchi na kulikalia kwa uzito wote aliopewa na Mungu.

"Okoth! Wee Okoth! Siendi nazo! Nimezikalia!" Kofia zote ziligeuka. "Ziko chini yangu, baba! Ingiza kichwa! Ingiza!"

Akaingiza. Aligeuka ukutani, na kurudi kwa namna ile sijapata kukuona tena. Hakuinua uso ila kuvuta pumzi. Mita kwa mita alimkaribia yule wa Kinoo, sisi tukiruka na kupiga kelele mpaka sauti zikatuishia, na kwenye ukuta mkono wake mrefu ulifika kwanza, kwa kiganja tu.

Tulikumbatiana, tukaanguka majini pamoja, tukaimba. Baba mmoja mwenye suti alimwuliza jirani yake, "Kwani hawa wamekuwa wa ngapi?"

"Wa tano."

"Kati ya?"

"Sita."

Meneja alikuja kumpa Mwalimu Nafula mkono na ile saa ya Jumamosi. Ng'ambo, watoto wa Kinoo walikuwa wamesimama midomo ikitetemeka, mwalimu wao akiwafunika taulo moja kwa zamu. Mwalimu Nafula aliwatazama kwa muda. Kisha akavuka, akazungumza na mwalimu yule, akarudi.

"Jumamosi watakuwa nasi," alisema.

Tulikasirika! "Mwalimu, si tumewashinda?"

"Mmewashinda. Na mwaka ujao mtafukuzana na nani? Wale wanne walioko mbele hamjawaona hata visigino. Hawa mtawaona kila wiki."

Jumamosi iliyofuata bwawa lilijaa. Nilipangwa karibu na msichana wa Kinoo mwenye miguu kama mkasi. Alinipita, nikamfuata, akanirushia maji usoni, nikamrushia. Tulifika ukutani tukihema na kucheka, na nilijua, kwa furaha ambayo sijui kuieleza, kwamba sijawahi kwenda kasi vile.

Leo kijana wangu wa mwisho anaogelea. Maji yamepashwa moto. Ana miwani, kofia ya mpira, na saa ya mkononi inayohesabu kila kitu. Kocha wake ni hodari, na njia nzima ya bwawa ni yake peke yake, kwa sababu tumelipia. Anafika ukutani, anaitazama saa, saa inamwambia amefanya vizuri, anaondoka tena kwa utulivu. Hunipungia mkono nami humpungia. Halafu natazama njia iliyo kando yake, ilivyo tupu, maji yametulia kama kioo, na natamani mtoto yeyote, hata asiyejua kuogelea, aruke mle na kummwagia maji usoni.