Hodi kwa Kiklingoni

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mchana niliuza magari mtaa wa Wattaya, huku nchi za Waarabu, na jioni, nyumbani kwetu Ansab, niliandika hadithi kwa Kiklingoni. Ni lugha iliyotungwa kwa ajili ya mashujaa wa kubuni wa angani, watu wa vita na hasira. Mama aliona nimepungukiwa. Bibi yangu, mzaliwa wa Unguja, alifurahi, maana lugha yenyewe imejaa kha na gha, na yeye aliyatamka maneno yangu vizuri kuliko mimi.

Hadithi yangu ilimhusu mwanamke shujaa, mtu mzima, anayekwenda kumtoa mjukuu wake mikononi mwa maadui. Jina lake lilinihangaisha sana. Wenzangu wa mtandaoni, wanafunzi wa lugha hiyo katika nchi za mbali, walipenda majina makali ya kukwaruza koo. Nikamwomba Bibi nitumie lake.

"Jina langu? Uwape watu nsiowajua? Hata we mwenyewe huniiti!"

Kweli, nyumbani hakuna aliyelitamka. Basi shujaa nikamwita Bibi.

Nikampelekea bwana mmoja aliyekuwa akikusanya hadithi za wanafunzi ziwe kitabu. Nilikitaka kitabu kile kwa roho yangu yote. Akajibu: hadithi nzuri, lakini shujaa anafika ngome ya adui, anapiga hodi, anasubiri, kisha anauliza habari za wazee, za watoto, za safari. Ukurasa mzima! Lugha hii haina hata "tafadhali". Maneno ya adabu nimeyaungaunga mwenyewe. Salamu yao ni kuulizana "Unataka nini?" Nifute ukurasa ule, la sivyo hadithi haiingii.

Nilimweleza Bibi akimimina kahawa. Akaliweka buli chini.

"Unataka nini? Mgeni ndo anavoambiwa? Anoingia bila hodi si shujaa, mwizi huyo. Usifute!"

Rahisi kusema, kitabu hakikuwa chake. Nikanuna, nikafuta, nikasoma upya. Shujaa aliingia ngomeni kama askari wa kukagua leseni. Hakuwa Bibi tena, alikuwa mtu yeyote tu. Nikaurudisha ukurasa wote, na kwa ukaidi nikaongeza na kuulizia hali ya mbuzi wa adui. Nikamwandikia yule bwana kwamba bibi yangu mwenyewe kakataa: achukue hivyo hivyo au aache.

Kila jioni nilifungua barua pepe, laini ya simu ya nyumbani ikishikwa na mtandao na Mama akigomba, na sikuona kitu. Nikajiambia kitabu kimeshanipita.

Halafu jibu likaja, Kiklingoni kitupu. Kwa maneno yale yale niliyoyaungaunga, bwana yule alipiga hodi. Akauliza hali yangu, ya wazazi, ya mbuzi. Chini kabisa ndipo akasema hadithi imeingia, na ukurasa wote umo. Akamalizia kwa kumsalimu Bibi.

Nilicheka huku machozi yananitoka, nikakimbia kumfasiria. Akanirudisha pale mwisho.

"Kaniita Bibi?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na ana umri gani huyo?"

"Mtu mzima, nadhani. Ana wajukuu wake."

Akautengeneza mtandio wake vizuri, kama mgeni yuko mlangoni.

"Basi mjibu. Mwambie, karibu mjukuu wangu. Haluwa nnamwekea."