Aliyenifuata na Mabuti Yangu

Usipoamini sitakulaumu, hata mimi nisingeamini. Lakini haya hayakumtokea shangazi wa rafiki yangu wala jirani wa mtu. Yalinitokea mimi, kwa macho yangu haya, na ushahidi ninao, uko mlangoni kwangu mpaka leo: pea moja ya mabuti meusi yasiyo yangu. Sikiliza mpaka mwisho, halafu uamue.

Nilikuwa darasa la saba, hapa Toronto, mwaka wetu wa kwanza. Mimi na Mama tulipanga chumba na sebule Parkdale, na Mama alifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate huko Downsview, anatoka alfajiri, anarudi ananukia hamira. Sasa, shule yetu wakati wa theluji ilikuwa na sheria moja: ukifika mlangoni unavua mabuti, unavaa raba zako za ndani. Mabuti yanabaki kwenye shelfu yanachuruzika maji. Sheria rahisi, si ndiyo? Ila mimi raba zangu nilizisahau kwenye tramu, ndani ya mfuko wake, wiki ileile Mama aliyoninunulia. Ningemwambiaje? Na soksi nilizokuwa nazo zilikuwa za marehemu Baba, kubwa, kisigino chake kinanifika kwenye kifundo, na moja ilitoboka mbele, kidole gumba chote nje. Nivue mabuti mbele ya darasa zima? Bora ardhi inimeze.

Basi mwalimu aliponiuliza mbona sivui, nikajibu bila hata kufikiri: "Mila zetu haziruhusu. Kwetu watu hawavui viatu ndani."

Usicheke. Najua unachofikiri. Mswahili gani huyo anayeingia ndani na viatu? Mama yangu alimvulisha viatu fundi aliyetuletea friji, friji likiwa bado mgongoni mwake!

Lakini mwalimu wetu, mama mpole sana, anayeheshimu mila za watu kupita kiasi, akaamini. Akaliambia darasa lote liniheshimu. Akanitandikia kipande cha zulia chini ya dawati. Na aibu yangu ikazidi, maana uongo ukiheshimiwa unauma kuliko ukipingwa.

Kisha likaja la kuja. Ijumaa wazazi wangealikwa darasani, kila mtoto aeleze jambo moja la kwao. "Wewe utatueleza ile mila ya viatu," mwalimu akaniambia, anatabasamu. Mama alishaomba ruhusa kazini. Unaona nilipofika? Mama angekaa pale mbele, na gauni lake la kanisani, anamsikia mwanawe akisema kwao wanakanyaga zulia na matope.

Alhamisi baada ya masomo nikabaki shuleni. Nilikuwa na wazo: karibu na mlango kulikuwa na sanduku la vitu vilivyopotea. Nitafute humo raba yoyote inayonienea, kesho niivae, niseme mila imebadilika. Ndoto zangu mimi! Jua la baridi huku linazama mapema, kwa hiyo nje kulishaingia giza, na korido ilikuwa tupu.

Nikamkuta msichana amekaa kwenye benchi kando ya sanduku. Umri kama wangu, sweta la kijivu, mabuti meusi marefu yamefungwa kamba mpaka juu. Sikuwahi kumwona. Na ile korido, niamini, siku zote ilinuka soksi mbichi, lakini pale alipokaa palinukia udi.

"Ndiye wewe usiyevua?" akaniuliza. Kiswahili! Tena laini, cha pwani, kama cha bibi yangu wa Tanga.

"Nani kakwambia?"

"Shule nzima inajua. Nikasema, hee, kumbe nina mwenzangu hapa."

Nikakaa. Wewe hujui raha ya kusikia lugha yako mahali ambapo kutwa nzima unatafuta maneno. Nikamuuliza walikuja lini. Akasema siku nyingi, waliwafuata watu wao. "Watu wakihama wote, sisi tubaki na nani? Na kuta?" Akaniambia anaipenda nchi hii kwa baridi yake, maana miezi mingi kila mtu ana mabuti, hakuna wa kukuuliza. "Ila mlango huu wa shule ndio umenishinda. Mchana nasimama dirishani nawachungulia mnavyosoma. Mkishatoka ndiyo naingia kukaa hapa."

Sikumwelewa. Nilidhani na yeye hana raba.

"Nionyeshe zako," akasema, "na mimi nikuonyeshe zangu. Hatuchekani."

Ajabu, sikuona aibu hata kidogo. Nikavua. Kidole changu kikachomoza. Akakitazama, akaangua kicheko, lakini si cha kebehi, ni kile kinachokufanya nawe ucheke. "Kinachungulia kama jirani mmbea!"

Kisha kicheko kikakatika. "Kumbe ni soksi tu," akasema polepole. Akanitazama usoni, kama mtu anayepima kina cha maji kabla ya kutia mguu.

"Usikimbie, eh?"

Akalegeza kamba. Akavua.

Kwato. Ndogo, nyeusi, zimesuguliwa na kupakwa mafuta zikang'aa, kama mama anavyompaka mwanawe siku ya sikukuu.

Anayekwambia ukimwona jini unasoma dua, hajamwona. Mimi hata jina langu nililisahau. Nilipiga yowe, nikatoka mbio na soksi zangu, mabuti nikayaacha sakafuni. Nikavuka uwanja kwenye theluji, nikairukia tramu iliyokuwa inafunga milango.

Na hapa ndipo panaponichoma. Nilitazama nyuma dirishani. Alikuwa kituoni. Amenifuata mbio, ameinua mabuti yangu juu kwa mikono miwili, anayapunga. Yeye mwenyewe hakuwa na viatu. Mtu aliyejificha siku zote hizo alitoka barabarani, chini ya taa, kwato nje, watu wamejaa, ili miguu yangu mimi isigande! Nikamwona mtoto mmoja anamnyooshea kidole, anamvuta mama yake atazame. Nikaisoma midomo ya yule msichana: "Viatu vyako!" Tramu ilikuwa bado imesimama, taa nyekundu. Ningeweza kumwambia dereva afungue.

Nikainamisha kichwa.

Mama alinikuta nimetia miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Nikamweleza yote, kuanzia raba mpaka kwato. La uongo lilimuudhi sana. "Sisi? Sisi tunaingia na viatu?" La jini hakulicheka wala hakulishangaa. Aliuliza tu, "Alikufanya nini?"

"Hakunifanya kitu."

"Sasa ulimkimbia kwa nini, mwanangu?"

Nikavikunja vidole vya miguu ndani ya maji.

Asubuhi tulikwenda pamoja, mimi nimevaa viatu vya Mama vya kazini. Mabuti yangu yalikuwa kwenye benchi la kituo, yamepangwa sambamba, na ndani ya kila moja soksi nene ya sufu. Theluji haikuwa imeanguka tena. Alama za soksi zangu zilivuka uwanja kutoka mlango wa shule, na kando yake alama nyingine, za kwato, zikafika kwenye benchi, zikakoma. Mtunza shule alisema ni kulungu amepanda kutoka bondeni. Kulungu wa miguu miwili? Mama aliinama akazitazama, akasema kwa sauti ya chini, "Pole, mwanangu." Hakuwa anasema na mimi.

Darasani nilisimama na zile soksi za sufu, nikasema ukweli. Watoto walicheka kidogo, wakaacha. Ndiyo hivyo tu! Jambo lililoninyima usingizi kumbe lilikuwa la kucheka kidogo. La mwenzangu halikuwa hivyo, na aliniamini nalo.

Mabuti yake aliyoyaacha kwenye korido yalitiwa kwenye lile sanduku la vitu vilivyopotea, yakakaa humo mpaka shule inafungwa, hakuna aliyeyataka. Nikayachukua. Sasa nasuka watu saluni, naota kufungua ya kwangu, na kila baridi ikianza nayaweka mlangoni, kamba nimezilegeza. Siku nyingine nikirudi kazini nakuta ngazi zinanukia udi. Nasema "karibu", hakuna anayejibu. Na kwangu mgeni akisita mlangoni na viatu vyake, simwambii avue. Mama kila akija ananigombeza, zulia limeharibika. Namwacha agombe.

Nawe unayesoma, siku mtu akikuomba usikimbie, halafu akaanza kulegeza kamba, tafadhali kaa. Hata ukitetemeka, kaa.